Kikumbo, Mstari wa Chokaa na Jiwe: Uchambuzi wa Kisa cha Uwanja Mmoja wa Ilemela

Kisa hiki kilitokea katika dakika ya 58 ya mchezo wa nusu fainali ya vijana wa chini ya miaka 17, kwenye uwanja wa mtaa uliopo wilaya ya Ilemela, jijini Mwanza. Siku hiyo nilikuwa mshika kibendera wa upande wenye mawe. Winga wa timu moja, kijana wa miaka 15, alipigwa kikumbo na beki wa timu pinzani, akaruka nje ya mstari na kugonga kichwa kwenye jiwe. Mwamuzi wa kati hakupuliza filimbi, nami sikuinua kibendera. Tangu hapo watu wamegawanyika, wengine wakisema kikumbo kile kilikuwa halali kabisa na jiwe ni bahati mbaya, wengine wakisema beki alistahili kadi nyekundu, na ndugu wa majeruhi wakisema suala hilo ni la polisi. Ninaandika kwa kuwa nilikuwa karibu kuliko wote wanaobishana, na kwa kuwa sehemu ya lawama ni yangu.

Anayeijua Mwanza hahitaji kuelezwa habari za mawe. Nyumba zimejengwa juu yake na katikati yake, njia zinayazunguka, na viwanja vya mpira vimechongwa pale ambapo mawe yaliacha nafasi. Jiwe ninalolizungumzia lina ukubwa wa Hiace iliyolala ubavu. Asubuhi kina mama huanika nguo juu yake, na jioni ndilo jukwaa la watoto. Waliouchora uwanja walitaka uwe mpana, hivyo mstari wa chokaa ukasogezwa mpaka karibu na jiwe lenyewe. Baada ya mchezo niliazima futi ya fundi seremala aliyekuwa jirani nikapima: kutoka ukingo wa nje wa mstari hadi kwenye jiwe ni sentimita 90. Kipimo hicho sikukihitaji ili kujua kuwa nafasi ni finyu, kwani kipindi chote cha kwanza nilikuwa nikiingia ndani ya uwanja hatua moja kila nilipolifikia jiwe, kisha natoka tena. Nilifanya hivyo pengine mara ishirini bila kujiuliza kwa nini.

Tukio lenyewe lilichukua muda mfupi. Kiungo alipiga pasi ndefu iliyofuata mstari, winga akaiwahi na kuutuliza mpira kwa mguu wa kulia, huku ameupa uwanja mgongo nusu ili kuukinga. Beki alikuja kwa mbio za hatua sita hivi. Mkono wake ulikuwa umebanwa ubavuni, miguu yote ilikuwa chini, na mpira ulikuwa hatua moja tu kutoka kwa winga. Alimpiga kwa bega. Winga aliondoka ardhini, nyonga ikagonga jiwe kwanza, kisha upande wa kichwa juu ya sikio. Sauti niliyoisikia ilikuwa kama ya kibuyu kilichodondoka sakafuni. Mpira ukatoka, na mwamuzi akaonyesha warushe wenzake beki. Ni pale tu watoto waliokuwa juu ya jiwe walipopiga kelele ndipo akasimamisha mchezo.

Kijana alimwagiwa maji ya ndoo kichwani, akasimamishwa, akaulizwa kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Baada ya dakika mbili alirudi uwanjani na watu wakampigia makofi. Dakika ya 69 alikuja upande wangu kurusha mpira, akanitazama na kusema, "Shikamoo refa. Tunaongoza au tumefungwa?" Nilicheka. Timu yake ilikuwa inaongoza bao moja kwa bila, na bao hilo alilifunga yeye. Shikamoo pia alikuwa amekwisha kunipa kabla ya mchezo, tena kwa adabu, akiwa ameshika mikono nyuma. Nilidhani anapoteza muda, kama wachezaji wa timu inayoongoza wanavyofanya, nikamwambia arushe haraka. Dakika ya 74 aliketi katikati ya uwanja akatapika. Alipelekwa hospitali kwa bajaji, na huko ndugu wakaambiwa walete PF3, fomu ya matibabu inayotolewa na polisi, kama ilivyo kawaida kwa majeraha yanayotokana na mtu mwingine. Karatasi hiyo ndiyo iliyoibadilisha lugha ya mjadala. Kabla yake watu walikuwa wakizungumzia rafu; baada yake walianza kuzungumzia shambulio.

Nianze na sheria za mpira, kwa kuwa ndizo zilizotakiwa kufanya kazi kwanza. Sheria ya 12 haikatazi kikumbo. Inakitambua kama namna ya kugombea nafasi au mpira, kwa kawaida kwa kutumia bega na sehemu ya juu ya mkono uliobanwa mwilini, na inasema wazi kwamba mchezaji anayeukinga mpira ulio ndani ya uwezo wake wa kuucheza anaweza kupigwa kikumbo cha haki na mpinzani. Kwa hiyo wanaosema "kumgusa mtu ni kosa" hawajaisoma. Kikumbo kinageuka kosa kutokana na namna kilivyopigwa, na namna hiyo ina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni uzembe, yaani mchezaji kuingia bila uangalifu. Adhabu yake ni mpira wa adhabu tu. Ya pili ni kutojali, yaani kuingia bila kuijali hatari inayomkabili mpinzani. Hapo kuna kadi ya njano. Ya tatu ni nguvu iliyopita kiasi, inayohatarisha usalama wa mpinzani, na hapo mchezaji hutolewa nje.

Mwamuzi wa kati, ambaye ninamheshimu na ambaye amechezesha miaka mingi kuliko mimi, anashikilia kuwa hapakuwa na ngazi hata moja. Bega lilikuwa bega, mkono ulikuwa umebanwa, mpira ulikuwepo. Kuhusu jiwe anasema sheria haipimi matokeo, kwa sababu kikumbo kilekile kikipigwa katikati ya uwanja kinamwangusha mtu kwenye nyasi, anajipangusa vumbi na mchezo unaendelea. Iweje tendo moja liwe halali hapa na kosa pale? Hoja hiyo ina uzito, na wengi waliojaribu kuijibu pale kijiweni waliishia kurudia kwamba mtoto ameumia, jambo ambalo halibishaniwi na mtu yeyote.

Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya macho. Mwamuzi alikuwa nyuma ya beki, na kwake mabega mawili yalikuwa kwenye mstari mmoja. Mimi nilikuwa pembeni, na niliona kuwa bega la beki halikukutana na bega la winga. Lilimkuta nyuma, kwenye mfupa mpana wa bega, kwa sababu winga alikuwa amekwisha kugeuka. Hilo peke yake lilitosha kuinua kibendera. Sikukiinua kwa sababu nilisita, na niliposita mwamuzi alikuwa amekwisha kuamua. Washika vibendera wenzangu wanaijua sekunde hiyo.

Sehemu ya pili ni ya jiwe lenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na mwamuzi kwa msingi. Ni kweli sheria haipimi matokeo. Lakini ngazi ya pili inauliza kama mchezaji aliijali hatari, na hatari haiwezi kujulikana bila kutazama mahali. Mtu anayekimbiza baiskeli kwenye barabara tupu na anayeikimbiza sokoni Mwaloni, kati ya wabeba matenga ya samaki, wanapiga pedeli kwa nguvu ileile, na hakuna atakayesema wamefanya jambo moja. Beki yule ni mtoto wa mtaa huo. Amekulia kwenye uwanja huo, na juu ya jiwe lile ameketi mara nyingi kuliko alivyoketi darasani, kama mama yake alivyoniambia kwa utani wenye uchungu. Alijua lipo na alijua liko karibu kiasi gani. Sidai kwamba alikusudia kumtupa mwenzake pale. Nimemwona akilia na ninaamini hakukusudia. Nadai kwamba mbio za hatua sita, zilizomalizikia mgongoni mwa mtu aliyekuwa chini ya mita mbili kutoka kwenye jiwe, ni kutojali hatari. Kwangu ni mpira wa adhabu na kadi ya njano. Nyekundu ningeiona ni kubwa mno, kwa kuwa nguvu yenyewe haikuwa kubwa kuliko vikumbo vingine vya siku ile.

Mjadala ulipanuka pale mjomba wa winga, anayeishi Kanada, alipotuma ujumbe wa sauti wa karibu dakika saba. Alisema kwao huko tendo lile lina jina lake na adhabu yake, kwa sababu mchezo wanaoupenda ni mpira wa magongo wa barafuni, na mchezo huo una vikumbo vizito kuliko vyetu na ukuta unaouzunguka uwanja wote. Vijana waliusikiliza kwa kucheka, kwani waliokaa kijiweni hakuna aliyewahi kuuona mchezo huo kwa macho. Mzee mmoja alidakia kuwa hata sisi tuliwahi kwenda na magongo kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na kwamba India ilitufunga 18 bila. Ni kweli, ila huo ulikuwa mpira wa magongo wa uwanja wa kawaida, ambao haujengwi kabisa juu ya vikumbo. Ujumbe wa mjomba ulistahili kusikilizwa kwa makini kuliko ulivyosikilizwa.

Katika mpira wa magongo wa barafuni wa wanaume wazima, kumpiga mwili mwenye paki, yaani kile kisahani cha raba ngumu wanachokigombea, ni ufundi halali unaofundishwa. Aliyekwisha kuiachia muda mrefu hapaswi kuguswa. Uwanja umezungukwa na ukuta wenye kimo cha mita moja na kidogo, na kwa sababu ukuta upo siku zote, sheria zao zililazimika kuuzungumzia. Katika ligi kuu ya huko Amerika Kaskazini, NHL, kanuni ya 41 inamwadhibu anayempiga kikumbo au kumsukuma mpinzani asiyeweza kujihami kiasi cha kumfanya aubamize ukuta kwa kishindo au kwa hatari. Uzito wa adhabu unafuata uzito wa kule kubamizwa. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba mzigo wa kuangalia umewekwa kwa anayepiga: yeye ndiye anayetakiwa kuhakikisha mwenzake hayuko katika hali ya kutoweza kujihami, na kama yuko hivyo, akwepe au apunguze kishindo. Wana pia kosa jingine la kumvamia mtu kwa kasi iliyokusanywa kutoka mbali, ambalo zile hatua sita za beki wetu zingelisogelea.

Hata hivyo mjomba aliacha nusu ya kanuni. Kanuni hiyohiyo inamruhusu mwamuzi kutazama kama aliyepigwa alijiweka mwenyewe katika hatari papo kwa papo, kwa kugeuza mgongo mara tu kabla ya kugongwa, kiasi kwamba mpigaji hakuwa na namna ya kujizuia. Wakili wa beki, kama angekuwapo, angesimama hapo. Nimelifikiria sana jambo hili, na jibu linatokana na nilichokiona: winga aligeuka alipokuwa akiutuliza mpira, beki akiwa bado ana hatua tatu au nne mbele yake. Hatua tatu zinatosha kupunguza mwendo. Hazitoshi kusimama kabisa, na ndiyo maana sisemi alitakiwa asimguse.

Kuna tukio la huko ambalo naliona karibu zaidi na letu kuliko kanuni yenyewe. Tarehe 7 Machi 2010, Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga kwa bega kichwani Marc Savard wa Boston, kutoka upande ambao Savard hakuuona. Savard alibebwa kwa machela akiwa na mtikisiko mkali wa ubongo. Cooke hakuadhibiwa uwanjani na hakufungiwa baadaye, kwa sababu kanuni za wakati ule hazikukataza kikumbo cha bega cha namna hiyo, hata kama kilifika kichwani. Kabla mwezi haujaisha, ligi ilikuwa imeweka katazo la muda, na msimu uliofuata likawa kanuni ya 48. Mtu anaweza kukasirika kwamba Cooke aliondoka salama, lakini waliokuwa na mamlaka walielewa kuwa halali na salama ni maneno mawili, na kwamba yanapoachana anayetakiwa kusogea ni mwenye kanuni.

Suala la umri pia lilijitokeza, na hapa wenzetu wametangulia mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 katika majimbo mawili ya Kanada, Alberta ambako vikumbo viliruhusiwa kwa umri huo, na Quebec ambako havikuruhusiwa. Hatari ya mtikisiko wa ubongo ilikuwa zaidi ya mara tatu kule vilikoruhusiwa. Marekani ilisogeza umri wa kuanza vikumbo hadi miaka 13 kuanzia msimu wa 2011, na Kanada ikaviondoa kwa kundi hilo la watoto mwaka 2013. Sipendekezi tuuchukue mpango huo ulivyo, kwa sababu kandanda haina kasi ya barafu, na mtoto asiyefundishwa kugombea mpira kwa bega atateseka atakapokwenda kucheza na wakubwa. Ila mashindano ya "chini ya 17" yanayomkutanisha mtoto wa miaka 15 ambaye bado hajarefuka na mwenzake wa 16 au 17 mwenye ndevu yanahitaji mwamuzi mwenye filimbi nyepesi zaidi. Sisi tulikuwa na filimbi ya watu wazima.

Kuhusu polisi nitasema machache, kwa kuwa mimi si mwanasheria. Baba mdogo wa winga alitaka beki afunguliwe kesi ya kudhuru mwili. Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake hayazifungi mahakama zetu ingawa yanaweza kusikilizwa kwa heshima, ziliamua mwaka 2004 katika shauri la Barnes kuwa jinai iachwe kwa matendo mazito kweli uwanjani, na kwamba hata rafu inayostahili kadi nyekundu si lazima ifikie kiwango hicho. Madai ya fidia ni njia nyingine: mwaka 1985, katika shauri la Condon na Basi, mchezaji wa ligi ya mtaani aliwajibishwa kwa kumvunja mwenzake mguu kwa rafu ya uzembe. Kwa kipimo hicho sioni jinai katika kikumbo kile, na nilimweleza baba mdogo hivyo, kwa upole, nikiwa nimeketi kwenye mkeka wake. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa refa, aliyechora mstari pale naye hana kesi?"

Swali lile lilinirudisha kwetu waamuzi. Kabla ya mchezo, kuukagua uwanja ni kazi yetu. Sheria ya 5 inataja, miongoni mwa maamuzi ya mwamuzi, uamuzi kwamba hali ya uwanja au ya mazingira yanayouzunguka inaruhusu au hairuhusu mchezo kuchezwa. Inamkinga asidaiwe kwa uamuzi huo, lakini kwa kumkinga inakiri kuwa uamuzi ni wake. Tulikagua nyavu, tukakagua njumu, tukawaamuru wawili wavue cheni za shingoni. Jiwe tulilipita. Tungeomba mstari usogezwe ndani tungechelewa nusu saa na kupigiwa kelele na watu waliokuwa wamejaa tangu saa nane, na sheria isingetuzuia, kwa kuwa upana wa chini unaoruhusiwa ni mita 45 na uwanja ule ulikuwa na mita 55.

Na bado kikumbo, mstari na jiwe kwa pamoja si sehemu inayoniuma zaidi. Zile dakika 14 kati ya maji ya ndoo na kutapika ndizo zilizokuwa mikononi mwetu kabisa. Mchezaji aliyegonga kichwa anayemwamkia mtu yuleyule mara mbili na kusahau bao alilolifunga mwenyewe ana dalili iliyo wazi ya mtikisiko wa ubongo, na kichwa kilichokwisha kutikisika kikigongwa tena kabla hakijapona kinaweza kuleta madhara makubwa kuliko ya kwanza. Bodi ya sheria za kandanda ilianza mwaka 2021 kujaribu utaratibu wa mchezaji wa ziada kuingia badala ya anayeshukiwa kuumia ubongo, ili timu isione hasara kumtoa. Sisi hatukuuhitaji hata utaratibu huo, kwani timu yake ilikuwa imebakiza nafasi mbili za kubadilisha. Ilitosha mtu mmoja kumuuliza nani kafunga. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi, nikacheka.

Fomu ya ripoti ya mchezo ina nafasi ya mabao, kadi na majeruhi, na haina nafasi ya kilicho nje ya mstari. Niligeuza karatasi nikaandika nyuma: bega lilifika mgongoni, sikuinua kibendera, jiwe lipo sentimita 90, mchezaji alinisalimia mara mbili. Mwamuzi wa kati alisoma, akatikisa kichwa, akasaini ukurasa wa mbele tu. Winga alilala hospitali siku tatu, na daktari amemkataza mpira hadi atakapomwona tena. Beki alikwenda kumwona akiwa na mama yake na kilo mbili za sato; baba mdogo aliwapokea, na shauri la polisi halijasogea zaidi ya ile PF3.

Jumamosi iliyofuata vijana wa mtaa walikuja na ndoo ya chokaa, kamba na vigingi, wakausogeza mstari mita nne ndani. Upana sasa ni mita 51, na mawinga wa timu zote mbili wanalalamika kwamba uwanja umebana.